Clessie Cummins: shoferi mwenye alitia motere ya mashua mu gari ya zamani

Mutu yeyote mwenye amekwisha kushuka mulima wa Ngomo na kamyo yenye muzigo, kutoka Nyangezi kuelekea Kamanyola, anajua kwamba kupanda ni kazi ya motere, lakini kushuka ni kazi ya roho. Ni vile vile ku Kabasha, wakati mutu anatoka Kanyabayonga na anatelemuka mu bonde la Rwindi. Harufu ya freni zenye kuungua inaingia mu kabini, muguu unakanyaga, na gari haisikie tena kitu.

Mutu mumoja alipitia ile hofu mu mwaka wa 1931, mbali sana na Kongo, ku barabara ya milima ya California. Hakuisahau mupaka kuzeeka. Jina lake lilikuwa Clessie Cummins. Watu wengi wanalisoma kila siku ku magrupu ya umeme na ku motere za makamyo makubwa, na hawaulizi kama lilikuwa jina la mutu. Lilikuwa la mutu, tena la shoferi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1888, huko Honey Creek, mu jimbo la Indiana, katikati ya Marekani. Wazazi wake walikuwa walimaji. Masomo yake yalifika darasa la 8 na yakaishia pale. Lakini mikono yake haikutulia tangu utoto. Akiwa na miaka 11, alichonga vibao vya mbao, akayeyusha chuma, akakimwanga ndani ya vile vibao, na akajitengenezea motere ndogo ya mvuke. Mutoto wa miaka 11 mwenye kucheza na chuma cha moto! Mu lupango ya leo angefukuzwa na fimbo.

Akiwa kijana alitumika mu viwanda fulani fulani vya eneo lao. Mu mwaka wa 1911 alikuwa mu kikundi cha mafundi wenye walitunza gari la Ray Harroun, lile gari la Marmon lenye lilishinda mashindano ya kwanza ya Indianapolis, ya maili 500. Lakini kazi yenye ilibadilisha maisha yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kuendesha gari ya tajiri.

Yule tajiri aliitwa William Glanton Irwin, mwenye banki ku muji wa Columbus, Indiana. Wakati ule gari ilikuwa kitu cha matatizo. Ilizima njiani, mipira ilipasuka, na shoferi alipaswa kuwa fundi pia, la sivyo patroni wake angelala ku barabara. Clessie alikuwa vyote mbili. Irwin aliona kama kijana haendeshe tu, anaelewa. Akamuachia fasi ya kufungua garaji yake, na pole pole ile garaji ikakuwa karakana ya kuchonga vyuma. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia walipata kazi za kutengenezea serikali vyuma vya magurudumu.

Kisha akakutana na motere ya mazutu, na ile ikamukamata kabisa.

Ni muzuri kukumbuka hali ya ile motere siku zile. Rudolf Diesel, Mujerumani mwenye aliivumbua, alikuwa amekwisha kufa tangu 1913. Motere zake zilikuwa kubwa sawa nyumba, za kubakia fasi moja ku viwanda ao za kuingia mu meli. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Haina buji. Pistoni inabana hewa mupaka hewa inapata moto sana, sawa vile pompi ya kinga inapata moto ku mukono wakati unajaza mupira. Halafu mazutu inapulizwa ndani na inawaka yenyewe. Ugumu uko ku ile kupuliza. Mazutu inapaswa kuingia kidogo sana, kwa nguvu sana, na kwa wakati kamili. Kosa kidogo, motere inagonga ao inatosha moshi mweusi. Ni ile ile kazi yenye inasumbua mafundi mupaka leo, wakati pompi imechoka ao enjekteri imeziba juu ya mazutu ya uchafu.

Tarehe 3 Februari 1919, Cummins na Irwin walianzisha kampuni, Cummins Engine Company. Fundi alileta mikono, mwenye banki alileta pesa. Walianza na motere ndogo za mufano wenye unaitwa Hvid, za kusaidia walimaji. Duka kubwa la Sears likawapa oda ya maelfu ya motere. Ilionekana kama wamefika.

Hawakufika. Sears ilikuwa na desturi ya kurudishia muteja pesa yake kama kitu hakikumufurahisha. Basi walimaji wengine walinunua motere, wakaitumikisha musimu muzima, kisha wakairudisha na kuomba pesa yao. Tena motere zenyewe bado zilikuwa na kasoro. Mizigo ya motere za zamani ikarudia Columbus, na hasara pia. Kwa miaka 10 Irwin aliendelea kumwanga pesa mu ile kampuni, na kampuni haikumurudishia hata faida moja. Watu wa muji walijua. Inaomba roho ya namna gani kumwangalia patroni mu macho kila asubui, wakati unajua kama kila dolari yake inaishia mu karakana yako?

Cummins alijaribu kutengeneza motere za mashua za watu tajiri. Motere yake ya Modele U, ya silinda 4, ilianza kupata sifa mu ile kazi. Lakini mu Oktoba 1929 soko la pesa la New York likaanguka, na matajiri wakaacha kununua mashua. Kampuni ilibakia na motere nzuri bila wanunuzi. Irwin alikuwa karibu ya kufunga kila kitu.

Hapa ndio fundi wa garaji alirudia ku kile chenye alikijua kuliko wakubwa wote wa viwanda. Akatafuta gari ya zamani, limuzini ya Packard ya 1925. Akaifungua kapo, akatosha motere yake ya esanse, na akatia fasi yake ile Modele U yenye ilikusudiwa mashua.

Fundi yeyote wa Bukavu, Butembo ao Bunia mwenye amekwisha kutosha motere ya esanse mu gari na kutia ya mazutu anajua ile kazi haiishie ku kufunga maburungu. Motere ya mazutu iko nzito, kwa hiyo sehemu ya mbele ya gari inalala. Inatikisika zaidi, na vyuma vyenye kuishikilia vinakatika kama havikuongezewa nguvu. Inazunguka pole pole kuliko ya esanse, kwa hiyo vitesi vya zamani havikubaliane nayo. Unaweza kuwa na nguvu ya kuvuta mulima na gari isikimbie hata ku tambarare. Inaomba hewa safi na mazutu safi, na starta yenye nguvu, juu kubana ile hewa ni kazi nzito. Na motere ya mashua ilikuwa mbaya zaidi, juu kule ku maji hakuna mutu mwenye anahesabu uzito ao kubadilisha vitesi. Kila moja ya hizi shida iko na dawa, lakini hakuna kitabu chenye kilikuwa kinaonyesha dawa zote pamoja. Ilipaswa kupima, kukata, kurudilia.

Siku ya Noeli ya 1929, Cummins alienda ku nyumba ya Irwin na ile Packard, akamualika watembee kidogo. Mwenye banki akapanda mu gari sawa vile alizoea kupanda tangu miaka 20, shoferi wake akiwa ku volani. Wakati walirudi, Irwin alikuwa amebadilisha mawazo. Kampuni haikufungwa.

Watu wengi wanaihesabu ile Packard kuwa motokari ya kwanza ya mazutu kutembea ku barabara za Marekani. Ulaya pia watu walikuwa wanajaribu, lakini gari ya kwanza ya mazutu yenye ilitengenezwa na kuuzwa kwa hesabu, Mercedes-Benz 260 D, ilitokea tu mu mwaka wa 1936.

Siku chache kisha Noeli, mu Januari 1930, Cummins akaendesha ile gari kutoka Indianapolis mupaka New York, wakati wa maonyesho makubwa ya magari. Ni maili 792, karibu kilometa 1 275. Alitumia mazutu ya dolari 1 na senti 38. Galoni zilikuwa 30, maana yake litre kama 113. Ukigawanya, inatoka chini ya litre 9 kwa kilometa 100, kwa limuzini kubwa na nzito ya miaka mia moja iliyopita, yenye motere ya mashua. Iko magari mengi ya zamani ku barabara za Kivu leo yenye hayawezi kufikia ile hesabu, na mara nyingi sababu ni filtre ya hewa yenye imeziba ao enjekteri zenye hazijapimwa tangu gari ilitoka ku mupaka.

Magazeti yakaandika juu ya dolari 1,38. Cummins akaelewa kama ile hesabu ndogo inauza kuliko maneno yote. Tangu hapo akakuwa mutu wa maonyesho. Mu Machi 1930 alienda ku muchanga wa Daytona, Florida, na gari ya Packard yenye motere ile ile, akatembea kwa maili 80 kwa saa, kilometa karibu 129. Mwaka wenye ulifuata alirudia pale na gari ya Duesenberg, akapita maili 100, ni kusema kilometa 162. Mu Mei 1931 gari yake ya mazutu iliingia mu mashindano ya Indianapolis, ikiendeshwa na Dave Evans. Ilimaliza ya 13. Wenzake walikuwa na mbio zaidi, lakini walisimama kutia esanse na kubadilisha mipira. Yake ilimaliza maili 500 zote bila kusimama hata mara moja. Hakuna gari ilikuwa imefanya vile mbele. Baadaye kamyo yake ikazunguka ile ile njia ya mashindano zaidi ya kilometa 23 000 bila kuzima motere.

Lakini safari yenye ilimuachia alama ni ile ya Agosti 1931. Alitaka kuonyesha wenye makamyo kama mazutu iko kwa ajili yao. Akatoka New York na kamyo, yeye na wenzake wawili, wakaelekea Los Angeles. Ni kilometa zaidi ya 5 100, kutoka bahari mupaka bahari. Mazutu ya safari yote iligarimu dolari 11 na senti 22.

Karibu ya mwisho wa safari iko fasi yenye inaitwa Cajon Pass. Barabara inapita katikati ya milima, kisha inatelemuka kwa urefu kuelekea muji wa San Bernardino. Cummins mwenyewe alikuwa ku volani. Alianza kushuka, akashikilia freni, na freni zikapata moto. Chuma chenye kupata moto sana kinapoteza nguvu ya kushika. Dereva anakanyaga, na muguu unafika chini bila faida. Kamyo ikaanza kukimbia. Kushusha vitesi hakukuwezekana tena. Na chini ya mutelemuko barabara ilikatwa na njia ya treni, na treni ya mizigo ilikuwa inapita.

Hawakuwa na kitu cha kufanya. Kamyo ilifika ku njia ya treni, na behewa la mwisho likapita mbele yao kwa nafasi ndogo sana. Kisha barabara ikakuwa tambarare na mwendo ukapunguka wenyewe.

Watu wengine wangeshukuru Mungu na kusahau. Cummins alishukuru, lakini hakusahau, juu alielewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mukono mu ile hatari. Motere ya esanse inasaidia kidogo kushikilia gari: ukiachilia gazi, mulango wa hewa unajifunga, na pistoni zinavuta kwa shida. Motere ya mazutu haina ule mulango. Inavuta hewa yote, inaibana, na ile hewa yenye imebanwa inarudisha pistoni chini kwa nguvu karibu sawa na ile yenye ilitumika kuibana. Ni sawa kukalia risori: inakurudisha. Kwa hiyo makamyo ya mazutu yangeweza kubeba mizigo mingi zaidi kupita milima, na ku mutelemuko hayangekuwa na musaada wowote isipokuwa freni za magurudumu. Yeye ndiye alikuwa anauzia watu hizo motere.

Miaka ikapita mu kazi. Kampuni ilipata faida yake ya kwanza mu 1937, miaka 18 kisha kuanzishwa. Irwin alikufa mu 1943, akiwa ameona walau ile. Wa kwao mudogo, J. Irwin Miller, ndiye alisimamia kampuni na kuikuza. Cummins aliendelea na mambo ya kupuliza mazutu, na mu miaka ya 1950 kampuni ikaleta pompi ya PT, yenye mafundi wa motere kubwa wanaijua vizuri mupaka leo. Mu 1955 akaachana na kampuni yenye kubeba jina lake.

Alikuwa na miaka zaidi ya 65. Alikuwa na pesa, na alikuwa anaishi Sausalito, karibu ya San Francisco. Mutu wa ile miaka angekalia kiti na kuangalia bahari. Yeye akarudilia kazi yake ya kijana, kufikiri peke yake juu ya chuma, bila kiwanda nyuma yake. Na alirudia moja kwa moja ku ule mutelemuko wa Cajon.

Wazo lake lilikuwa hivi. Kama shida ni ile hewa yenye kurudisha pistoni chini, basi iondolewe mbele haijarudisha. Wakati pistoni inafika juu na hewa imekwisha kubanwa, supapi za kutosha moshi zifunguliwe kidogo, hewa ipasuke inje. Motere itakuwa imefanya kazi ya kubana, na haitalipwa kitu. Kila silinda itakula nguvu ya gari fasi ya kuipatia. Yaani motere ile ile yenye kuvuta kamyo ku mulima itaikokota nyuma wakati wa kushuka.

Kusema ni rahisi. Shida ilikuwa ku wakati: supapi inapaswa kufunguka pale pale, kidogo tu, kwa kila silinda, mara mamia kwa dakika. Angepaswa kuongeza vyuma vingapi? Jibu alilipata ndani ya motere yake mwenyewe. Ku motere za Cummins, ile arbrakami, chuma kirefu chenye nundu, haina nundu za supapi peke yake. Iko na nundu ya tatu kwa kila silinda, ya kusukuma enjekteri. Na enjekteri inasukumwa wakati gani? Pistoni ikiwa inafika juu, juu ndio wakati wa kupuliza mazutu. Ule mwendo wenye alikuwa anatafuta ulikuwa ndani tangu miaka mingi. Ilibakia tu, wakati dereva ameachilia gazi na mazutu imekatika, kuukamata ule mwendo kwa pistoni ndogo ya mafuta na kuupeleka ku supapi. Alichukua hati ya uvumbuzi. Kampuni ya Jacobs, yenye ilijulikana kwa kutengeneza vishikio vya mashini za kutobolea vyuma, ikakubali kuitengeneza, na za kwanza zikauzwa mu mwaka wa 1961.

Ile freni haipaswe kuchanganywa na ile yenye iko ku makamyo mengi ya Ujapani, yenye kufunga bomba ya moshi na kibati. Zote mbili zinasaidia, lakini ya Cummins inashika kwa nguvu zaidi. Inaomba pia matunzo: kama vipimo vya supapi havikufuatwa, haitumike vizuri na inaweza kuharibu motere. Wala haiondoe freni za magurudumu. Inazipumzisha, zibakie baridi kwa siku ya hatari. Na haitumike hata kidogo kwa dereva mwenye anatosha vitesi ku mutelemuko ili kupunguza mazutu, juu gari yenye haiko ndani ya vitesi haina motere ya kuishikilia.

Kasoro yake ni kelele. Kila mara hewa inapasuka inje, na ikiwa silinda ni 6 inalia sawa bunduki, zaidi kama bomba ya moshi imetoboka. Ku miji mingi ya Marekani wametia vibao ku barabara vya kukataza madereva kuitumikisha karibu na nyumba za watu. Lakini madereva wa milimani hawakuiacha.

Clessie Cummins alikufa tarehe 17 Agosti 1968, akiwa na miaka 79. Mwaka mumoja mbele ya kufa alikuwa ametoa kitabu juu ya maisha yake na motere za mazutu. Mutoto wake Lyle alibakia mu kazi ile ile: akakuwa muandishi wa historia ya motere.